Mwanga Unaopima Uzito: Tunajuaje Kuwa Kimeng'enya Kimetua Juu ya Utando?

Mtu akijikata kidole akimenya viazi, damu huganda palepale kwenye jeraha. Haigandi kiganjani, haigandi moyoni, ingawa damu inayopita huko imebeba protini zilezile za kugandisha, usiku na mchana. Sababu ziko kadhaa, lakini inayonivutia mimi kuliko zote ni hii: vimeng'enya vya kugandisha damu, yaani protini zinazoharakisha kazi hiyo, vikiwa vinaelea tu majini, huwa karibu havina kazi. Nguvu zao hujitokeza vikishatua juu ya utando wa mafuta.

Utando huo ni ule wa nje wa chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazokimbilia jeraha. Chembe sahani ikiwa imetulia, fosfolipidi (mojawapo ya mafuta yanayojenga utando) iitwayo fosfatidilserini, yenye chaji hasi, hufichwa upande wa ndani wa utando. Jeraha likiiamsha, fosfatidilserini hutokezwa nje. Hapo ayoni za kalsiamu, ambazo damu huwa nazo siku zote, hushika utando upande mmoja na protini upande wa pili, na protini inatua. Fakta X iliyoamshwa, mojawapo ya protini hizo za kugandisha, ikikaa juu ya utando wa namna hiyo pamoja na mwenzake fakta V, hugeuza protini iitwayo prothrombini kuwa thrombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, kwa ufanisi wa takriban mara 300,000 kuliko ikiwa peke yake majini. Wapo watu wachache sana duniani ambao chembe sahani zao haziwezi kutokeza fosfatidilserini. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa Scott, na walio nao hutokwa na damu isiyokoma upesi, ijapokuwa protini zao zote za kugandisha ziko sawa.

Kwa hiyo mwanafunzi wa biokemia pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, au popote pengine, akitaka kuelewa kimeng'enya cha aina hii, hawezi kuishia kuuliza kinafanya kazi kwa kasi gani. Lazima kwanza aulize: kimetua? Vimetua vingapi? Vimeshika kwa nguvu kiasi gani? Hilo ni gumu, kwa sababu kimeng'enya hakionekani kwa macho wala kwa hadubini ya kawaida. Unaweza kukipachika molekuli inayong'aa ili ukifuatilie, lakini molekuli hiyo yaweza kukaa palepale ambapo kimeng'enya kilitaka kushikia utando, na ukawa umebadilisha jambo ulilotaka kulipima. Ipo njia isiyogusa kitu chochote: kupitisha mwanga kwenye mchanganyiko na kuangalia kiasi kinachotawanyika kwenda pembeni.

Jaribu hili nyumbani usiku. Weka maji safi kwenye bilauri ya kioo, dondosha tone moja la maziwa, koroga, kisha zima taa na uwashe tochi ya simu kutoka upande mmoja. Ukitazama bilauri kwa ubavu utaona weupe wenye rangi ya samawati. Ukitazama tochi yenyewe kupitia majini, itaonekana ya manjano au ya rangi ya chungwa. Matone ya mafuta na chembe za protini za maziwa zimetawanya mwanga wa samawati kwenda pembeni na kuacha mwanga mwekundu upite. Milima ya Ngong ukiitazama kutoka mjini asubuhi ya hewa safi huonekana ya samawati kwa sababu hiyohiyo, ila huko watawanyaji ni molekuli za hewa. John Tyndall alichunguza mambo haya London katika miaka ya 1860, na mwaka 1871 Lord Rayleigh akayaandikia hesabu.

Hesabu hiyo inabeba mambo mawili tunayoyahitaji. La kwanza ni urefu wa wimbi: mwanga wenye wimbi fupi hutawanyika zaidi, kwa kipeo cha nne. Mwanga wa nanomita 320 hutawanyika mara 16 kuliko wa nanomita 640. La pili ndilo moyo wa makala haya. Chembe ikiwa ndogo sana kuliko urefu wa wimbi, mwanga inaoutawanya hukua kwa mraba wa uzito wake. Chembe yenye uzito maradufu hutawanya mara nne. Yenye uzito mara kumi hutawanya mara mia.

Kwa nini mraba? Mwanga ni wimbi la umeme na sumaku. Likipita kwenye chembe, linazitikisa elektroni zake, na elektroni zinazotikiswa hutoa mwanga wao kwenda pande zote. Chembe ikiwa ndogo, elektroni zake zote hutikisika kwa pamoja, hivyo mawimbi yanayotoka hujumlishana kilele kwa kilele. Ukiongeza maada maradufu, kimo cha wimbi kinakuwa maradufu. Lakini jicho na kipima mwanga havisomi kimo. Husoma nguvu ya wimbi, ambayo ni mraba wa kimo. Ukikumbuka hilo, mengine yote yanafuata yenyewe.

Vifuko vya kujitengenezea

Chembe sahani halisi ni kubwa mno na ina mambo mengi mno kwa kipimo hiki. Badala yake hutumiwa vesikeli, yaani vifuko vidogo vya lipidi vyenye maji ndani na nje. Alec Bangham na wenzake huko Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza, ndio waliovieleza katika miaka ya 1960. Waligundua kwamba fosfolipidi zikiwekwa majini hujipanga zenyewe kuwa tando za tabaka mbili, mikia ya mafuta ikitazamana na vichwa vikielekea maji, kisha tando hizo hujifunga na kuwa vifuko.

Utengenezaji wake hauhitaji kiwanda. Lipidi huyeyushwa kwa klorofomu, klorofomu hukaushwa kwa gesi ya naitrojeni mpaka libaki tandiko jembamba kwenye kuta za chupa, halafu bafa (maji yenye chumvi zinazozuia kiwango cha asidi kubadilika) huongezwa na kutikiswa. Maji yanageuka meupe kama maziwa: hapo vifuko ni vikubwa na vya kila ukubwa. Ili viwe vidogo na vya kulingana, hupigwa kwa mawimbi ya sauti, au husukumwa mara nyingi kupitia kichujio chenye vitundu vya nanomita 100. Mchanganyiko unaotumika sana katika kazi za damu ni robo moja ya fosfatidilserini na robo tatu za fosfatidilkolini, ambayo ndiyo ile lipidi inayopatikana kwa wingi kwenye kiini cha yai.

Tuchukue kifuko cha upana wa nanomita 30. Utando una unene wa nanomita 4 hivi, na kila molekuli ya lipidi huchukua eneo la takriban nanomita mraba 0.7. Ukipiga hesabu ya uso wa nje na wa ndani, unapata lipidi kama 6,200. Kwa wastani wa daltoni 760 kila moja (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), kifuko kizima kina uzito wa daltoni milioni 4.7. Prothrombini moja ina daltoni 72,000. Kifuko ni kizito kuliko prothrombini mara 65, kwa hiyo kinatawanya mwanga mara 65 kwa 65, zaidi ya mara 4,200. Hata prothrombini zinazoelea huru zikizidi vifuko kwa idadi mara 100, mchango wao kwenye mwanga wa pembeni ni asilimia 2 au 3 tu.

Hapo ndipo uzuri wa njia hii ulipo, nami huona haupewi sifa inayostahili. Prothrombini ikielea huru, karibu haionekani. Prothrombini hiyohiyo ikitua juu ya kifuko, inaonekana, kwa sababu sasa inatikiswa pamoja na kifuko kizima. Huhitaji kutenganisha zilizotua na zisizotua, wala kuzizungusha kwenye mashine na kuzipima mafungu mawili. Mwanga umeshazitenganisha.

Fikiria mizani ya malori pale Mlolongo, kwenye barabara ya Mombasa. Ukijua uzito wa lori tupu, ukalipima likiwa limepakiwa, tofauti ndiyo shehena. Kifuko ni lori, kimeng'enya ni shehena, na mizani yetu ina tabia moja ya kuzingatia: inasoma mraba wa uzito. Prothrombini 20 zikitua kwenye kifuko chetu, uzito unapanda kutoka milioni 4.7 hadi milioni 6.14, yaani ongezeko la asilimia 31. Mwanga lakini unapanda kwa asilimia 71. Mabadiliko madogo ya uzito yanakuzwa kabla hayajafika kwenye kipima mwanga.

Kwa kurudi nyuma, unagawanya mwanga wa baada kwa mwanga wa kabla, unatafuta kipeuo cha pili, na unapata uwiano wa uzito. Kuna sahihisho moja la kuweka: kwa kila gramu, protini hupinda mwanga zaidi kidogo kuliko fosfolipidi, hivyo hutawanya zaidi kidogo kuliko uzito wake pekee ungeonyesha. Sahihisho hilo linajulikana na si kubwa. Gary Nelsestuen na T. K. Lim wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walitumia njia hii mwaka 1977 kupima jinsi prothrombini na fakta X zinavyoshika vifuko vya fosfolipidi, na mpaka leo kazi nyingi za aina hii hufuata mantiki yao.

Jaribio lenyewe huenda hivi. Vifuko vya kiasi maalumu huwekwa kwenye bafa yenye kalsiamu, na mwanga wa pembeni husomwa. Kisha protini huongezwa kidogo kidogo, na baada ya kila nyongeza mwanga husomwa tena. Mwanzoni unapanda haraka, baadaye unapanda kwa shida, na mwisho unasimama kwa kuwa uso wa vifuko umejaa. Kimo unaposimama kinakuambia kifuko kinabeba protini ngapi. Jinsi mstari unavyopinda kukielekea kimo hicho kunakuambia nguvu ya mshiko: kiasi cha protini huru kinachotosha kujaza nusu ya nafasi.

Neno "huru" hapo lina uzito wake. Makosa mengi ya wanafunzi hutokea kwa kuweka kwenye grafu jumla ya protini iliyomiminwa badala ya iliyobaki majini. Kama nusu ya protini imeshatua, jumla inakudanganya maradufu, na mshiko wenye nguvu utaonekana dhaifu. Bahati njema ni kwamba mwanga wenyewe unakupa iliyotua, kwa hiyo iliyo huru ni hesabu ya kutoa tu. Pia usihesabu lipidi zote kana kwamba protini inazifikia. Kwenye kifuko cha nanomita 30, theluthi mbili hivi za lipidi ndizo zinazotazama nje. Zilizobaki ziko ndani, ambako protini haiingii.

Sharti ambalo likivunjika, kila kitu kinavunjika

Hesabu zote hizi zimesimama juu ya dhana moja: idadi ya vifuko haibadiliki. Kifuko kimoja kabla, kifuko kimoja baada, tofauti ni mzigo tu. Lakini vifuko vyenye chaji hasi vikikutana na kalsiamu nyingi vinaweza kushikana vyenyewe, bila protini. Na protini zenye sehemu mbili za kushikia zinaweza kuunganisha kifuko na kifuko. Vifuko viwili vilivyoshikana ni chembe moja yenye uzito maradufu, inayotawanya mara nne, mahali ambapo viwili vilivyotengana vingetawanya mara mbili tu. Mwanga utapanda. Utapanda vizuri sana, kwa mstari wa kupendeza, na mtu asiye mwangalifu ataandika kwamba amepima kutua kwa kimeng'enya.

Kinga yake ni rahisi, nami ningeifanya kuwa sharti kwa kila anayeleta matokeo ya aina hii. Mwishoni mwa jaribio, ongeza EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu. Kwa protini zinazotegemea kalsiamu, daraja linaondoka na protini inaachia. Mwanga ukishuka hadi mahali ulipoanzia, ukishasahihisha kwa maji yaliyoongezeka, huenda ulichopima ni kutua kweli, ingawa vifuko vilivyoshikana kwa kalsiamu bila kuwa kimoja navyo huweza kuachana. Ukishuka nusu na kukwama, vifuko vimeungana na kuwa vikubwa zaidi, na data hiyo haitakuambia habari ya kimeng'enya. Tone moja la EDTA, dakika moja ya kusubiri.

Dalili nyingine ni kimo cha mwisho. Piga hesabu ya protini ngapi zinaweza kuenea kwenye uso wa kifuko zikipangwa bega kwa bega. Kama mwanga wako unadai ziko mara tatu ya hizo, uso hauwezi kuzibeba, na jibu liko kwenye kushikana kwa vifuko.

Tena kuna suala la ukubwa. Kanuni ya mraba hushika vizuri chembe ikiwa chini ya sehemu moja kwa 20 hivi ya urefu wa wimbi. Kifuko cha nanomita 30 kwa mwanga wa nanomita 320 kinakaribia maradufu ya mpaka huo lakini hakiharibu sana hesabu. Kifuko cha nanomita 100 ni jambo lingine: mwanga unaotoka upande mmoja wa kifuko haulingani tena na unaotoka upande wa pili, na mawimbi huanza kufutana. Hapo inahitajika kupima kwa pembe kadhaa, au angalau kuweka sahihisho. Kwa upande mwingine, vifuko vidogo vimepinda sana, na zipo protini zinazopenda au kuchukia utando uliopinda. Mtu huchagua tatizo analoweza kulimudu, na anasema wazi amechagua lipi.

Sukuma wiki na prothrombini

Nairobi kuna wagonjwa wengi wanaotumia dawa ya warfarini, hasa waliowekewa vali bandia za moyo. Kliniki huwaambia wasibadilishebadilishe kiasi cha mboga za majani wanazokula, na sukuma wiki hutajwa mapema kwa kuwa ina vitamini K nyingi. Wengi hushangaa: mboga na damu kuganda zinahusiana wapi?

Zinahusiana juu ya utando. Ini linapotengeneza prothrombini, hutumia vitamini K kuongeza kundi moja la asidi kwenye kila moja ya glutamati 10 (aina ya asidi amino) zilizo mwanzoni mwa protini hiyo. Jambo hili lilijulikana mwaka 1974, na Nelsestuen alikuwa mmoja wa walioligundua. Glutamati zilizobadilishwa hivyo hushika kalsiamu kwa namna inayoiwezesha protini kutua kwenye fosfatidilserini. Warfarini huzuia mwili kuirudisha vitamini K katika hali ya kutumika tena, hivyo ini linatoa prothrombini isiyokamilika. Kwenye maji tu, prothrombini hiyo inaonekana ya kawaida: ina ukubwa uleule, inazunguka mwilini vilevile. Iweke kwenye vifuko na kalsiamu, na mwanga haupandi.

Kwa maoni yangu hakuna mfano bora wa faida ya kipimo hiki. Tofauti kati ya protini inayogandisha na isiyogandisha haiko kwenye sehemu inayofanya kazi ya kikemia. Iko kwenye uwezo wa kutua, na njia inayopima kutua peke yake ndiyo inayoionyesha bila kuzunguka. Ukila sukuma nyingi ghafla, vitamini K inaizidi dawa, prothrombini zinazojua kutua zinaongezeka, na hatari ya damu kuganda kwenye vali inapanda.

Jamaa yake: mtawanyiko unaobadilika

Mashine nyingi zinazouzwa leo hazisomi wingi wa mwanga tu. Zinasoma jinsi mwanga huo unavyotetemeka. Vifuko havitulii: maji huvigonga kutoka pande zote navyo hutangatanga, jambo aliloliona Robert Brown mwaka 1827 kwa vipande vidogo kutoka kwenye chavua, na ambalo Einstein alilipatia hesabu mwaka 1905. Vikitangatanga, mawimbi yanayotoka kwao hujumlishana na kufutana kwa zamu, na mwanga unaofika kwenye kipima mwanga unapanda na kushuka maelfu ya mara kwa sekunde. Kifuko kidogo hutembea upesi, hivyo mtetemeko wake ni wa haraka. Kikubwa hujikokota. Kutokana na kasi ya mtetemeko mashine hukadiria upana.

Njia hii ni nzuri kwa kukagua kama vifuko vimetengenezwa vizuri na kama vimeanza kushikana. Kwa kupima kutua, ni dhaifu. Protini zikitandaza tabaka la nanomita 4 juu ya kifuko cha nanomita 100, upana unakuwa 108, mabadiliko ya asilimia 8. Sasa angalia halijoto. Kasi ya kutangatanga hutegemea mnato wa maji, na maji ya nyuzi 20 yana mnato mkubwa kuliko ya nyuzi 25 kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Nairobi mwezi wa Julai, maabara isiyo na kidhibiti joto inaweza kuwa na nyuzi 20 au chini yake asubuhi. Mashine ikiambiwa ni nyuzi 25 wakati sampuli ina 20, itaripoti kifuko cha nanomita 100 kuwa na 114. Kosa hilo ni kubwa kuliko tabaka lenyewe la protini. Sampuli iliyotoka frijini na kuwekwa moja kwa moja kwenye mashine huleta shida hiyohiyo. Iache itulie kwanza.

Ndiyo maana nikiulizwa na mwanafunzi kama anahitaji kusubiri mashine ya gharama kubwa inunuliwe, jibu langu ni hapana. Kwa swali la kutua, fluorimita ya kawaida, kifaa cha kupima mng'ao wa molekuli, ambayo idara nyingi za biokemia huwa nayo, inatosha. Weka wimbi la kuingia na wimbi la kutoka kuwa sawa, tuseme nanomita 320, ambako protini hainyonyi mwanga kwa kiasi cha kusumbua. Kipima mwanga tayari kiko kwenye pembe ya nyuzi 90. Kifaa kilichotengenezwa kuikwepa ile nuru ya mtawanyiko kinageuzwa kuipima.

Adui mkubwa utakayekutana naye ni vumbi, na Nairobi haina upungufu wa vumbi. Punje ngumu yenye upana mara kumi ya kifuko ina uzito wa mara elfu moja au zaidi, na kwa kanuni ya Rayleigh mwanga wake ni mara milioni. Hata kama kanuni hiyo hulegea kwa punje kubwa, punje moja ikipita mbele ya mwanga inafunika kila kitu. Kwa hiyo bafa zote huchujwa kwa kichujio chenye vitundu vya nanomita 100 au 220, kyuveti (kichupa cha kuwekea sampuli) huoshwa na kufunikwa, na protini huzungushwa kwa mashine ili vipande vilivyogandamana vitue chini. Aliyetumia ncha ya titani kupiga vifuko kwa mawimbi ya sauti azizungushe sampuli zake pia, kwa sababu ncha hiyo huacha chembechembe za chuma majini.

Kimeng'enya kinachokula utando

Mpaka hapa tumezungumzia protini zinazotua na kuondoka bila kuuharibu utando. Fosfolipesi A2 ni tofauti. Ni kimeng'enya kidogo, cha daltoni 14,000 hivi, kinachokata fosfolipidi yenyewe na kuacha asidi ya mafuta na lisofosfolipidi, yaani fosfolipidi iliyobaki na mkia mmoja. Kimo kwenye kongosho letu, na kimo kwa wingi kwenye sumu ya nyoka. Kwenye sumu ya swila wanaotema, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba fosfolipesi A2 huzidisha maumivu yanayoletwa na sumu nyingine zilizomo humo. Kwa Kenya hili si jambo la mbali. Shirika la Afya Duniani liliiweka athari ya kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, na hapa Nairobi, katika Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, kuna kituo cha utafiti kinachoshughulikia sumu za nyoka na tiba yake.

Ukiweka fosfolipesi A2 kwenye vifuko vya fosfatidilkolini pamoja na kalsiamu, mwanga unasimulia hadithi iliyochanganyika. Kutua kunaupandisha. Kukata kunabadilisha umbo na ukubwa wa vifuko, na vikisambaratika kuwa vipande vidogo mwanga unashuka. Tena mara nyingi kuna kipindi cha kusubiri: kwa sekunde au dakika kadhaa hakuna mengi yanayotokea, halafu kazi inalipuka. Sababu ni kwamba vimeng'enya vingi vya jamii hii havipendi kutua kwenye uso usio na chaji. Asidi za mafuta chache za kwanza zinapokatwa hubaki kwenye utando na kuupa chaji hasi, na hapo vimeng'enya vingi zaidi vinatua, vinakata zaidi, na mwendo unajikuza wenyewe.

Ili kutenganisha kutua na kukata, hutumiwa lipidi ambazo kimeng'enya hakiwezi kuzikata, zile ambazo mikia yake imeunganishwa kwa kiungo cha kikemia kiitwacho etha badala ya kile cha esta. Kimeng'enya kinatua, hakina cha kukata, na mwanga unabaki kuwa kipimo cha uzito peke yake. Ugumu uliopo ni udogo wa kimeng'enya. Fosfolipesi A2 ishirini kwenye kifuko chetu cha nanomita 30 zinaongeza uzito kwa asilimia 6 tu na mwanga kwa asilimia 12, dhidi ya 71 za prothrombini. Hapo usafi wa bafa unakuwa ndio jaribio lenyewe, na lazima mtu arudie vipimo mpaka atofautishe asilimia 12 na mtikisiko wa kawaida wa mashine.

Inalipa kufanya hivyo. Varespladib, dawa iliyowahi kutafitiwa kwa ajili ya maradhi ya moyo, sasa inajaribiwa dhidi ya sumu za nyoka kwa sababu inaingia kwenye sehemu ya kukatia ya fosfolipesi A2. Kwa kila dawa ya namna hii na kila sumu kuna swali ambalo kipimo cha kasi ya kukata pekee hakiwezi kulijibu: je, kimeng'enya kilichozuiwa bado kinatua kwenye utando? Zipo fosfolipesi A2 za sumu zinazoharibu misuli bila kukata lipidi yoyote, kwa hiyo jibu si la kitabuni tu. Andaa vifuko vya lipidi za etha, vyenye sehemu ndogo ya lipidi ya chaji hasi ili kimeng'enya kikubali kutua. Pima kupanda kwa mwanga bila dawa, kisha andaa kyuveti nyingine na upime kwa dawa. Mwanga ukipanda vilevile, dawa imezuia kukata na kimeng'enya bado kimekaa juu ya utando. Usipopanda, dawa imekizuia kutua. Ukipanda kupita kiasi, kagua kama vifuko vimeshikana kabla hujaandika chochote.